Mwisho Niliouitikia Bila Kusikia

Kwako mjomba, unayetangulia njiani,

Sisi huku Masisi tu wazima. Maharage yamestawi, ng'ombe wanatoa maziwa, na mvua inanyesha bila kumwomba mtu ruhusa. Nakuandikia nikijua kwamba hukuwahi kusoma hata herufi moja, na kwamba hata ungekuwa hai ingebidi katekista akusomee. Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa mara ya mwisho katekista alipokusomea maandishi yangu. Lakini nina swali, mjomba, na swali likinikaa kifuani huwa silali vizuri mpaka nilitoe.

Lilianza Jumatatu iliyopita darasani. Siku hizi mimi ni mwalimu wa wasichana katika shule ileile niliyosoma, na juma lile nilikuwa nawafundisha kile ambacho sista wetu alikuwa akikiita kritiki, yaani kuisoma hadithi, kuipima, na kuandika ulichoona. Niliandika ubaoni vichwa vinne, kama nilivyoandikiwa mimi: wahusika, mazingira, muundo, funzo. Nikajisikia nimewasha taa. Kumbe msichana mmoja, Furaha, alikuwa amepekua kabati la nyuma akakuta karatasi ya zamani ya misioni, ile iliyochapwa na kupelekwa makanisani, na ndani yake uhakiki wangu wa hadithi yako. Akainua mkono.

"Mwalimu, hapa uliandika hadisi inakatika mara tu ule mwanamuke anasikia muntu anakohoa nyuma yake. Ni nani alikohoa?"

Nilimwambia akae chini, ingawa swali halikuwa baya. Niliandika ukurasa mzima na nusu juu ya hadithi ile, nikapata tisa juu ya kumi, na haikunijia hata mara moja kuuliza ni nani aliyekohoa. Toka siku hiyo vichwa vile vinne vinanitazama ubaoni kama wageni waliochelewa kupewa chakula.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitembea? Kutoka kwako Itebero mpaka kwa Papa huku Muheto ni siku tano kwa mtu mzima, na sita kwa mtoto anayeokota kila ganda la konokono. Mama alikuwa amefariki nikiwa na miaka sita, akazikwa Muheto alikoolewa, nawe ukasema kwamba mtoto wa dada yako asiusahau msitu. Basi kila likizo kubwa nilikuwa kwako, na kila likizo ilipokwisha ulinisindikiza kupanda vilima, wewe mbele na mkuki na kikapu cha nyama iliyokaushwa, mimi nyuma na kibuyu cha mawese. Na juu ya mizigo hiyo yote kulikuwa na hadithi.

Sheria ulinipa siku ya kwanza kabisa, kabla hatujafika kwenye daraja la kamba. Anayetangulia ndiye anayetamba, na anayefuata anaitikia "eee" kila sentensi ikikamilika. Asipoitikia, mtambaji anasimama palepale, hata kama ni katikati ya tope, na hasogei mpaka atengeneze sentensi yake ikubalike. Wala mtambaji hageuki nyuma kumtazama mwitikiaji. Anamjua kwa sauti. Na wakiachana, mtambaji hamalizi. Anakata hadithi mahali patamu, anasema "ingine iko mbele", ili yule anayekwenda awe na sababu ya kurudi.

Hadithi yetu ilikuwa moja tu, miaka yote. Zamani, ulisema, njia zote zilikuwa na wenyewe. Mwanamke mmoja aliyeolewa mbali alitaka kwenda kumsalimia mama yake, lakini hakuwa na njia. Akamwendea kakakuona, yule mnyama wa magamba, aliyekuwa na njia yake mwenyewe, ameikunja chini ya tumbo. Kakakuona akamwazima kwa sharti moja: asiruhusu mtu mwingine aikanyage, maana kila mguu wa mgeni unairefusha. Mwanamke akaanza safari. Akakutana na mzee aliyechoka, akashindwa kumnyima, mzee akaingia njiani, njia ikarefuka. Akakutana na mbwa anayechechemea. Akakutana na msichana aliyevunja mtungi wa mamake, anaogopa kurudi nyumbani. Kila likizo uliongeza mmoja, na kila mara mwanamke alipouona moshi wa jiko la mama yake, moshi ukarudi nyuma ya kilima kingine.

Nilikuwa mwitikiaji mgumu, kubali. Nikiwa na miaka kama kumi, ulijaribu kusema kwamba mzee yule aliomba ndizi na mwanamke akamnyima kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Nilifunga mdomo. Ukasimama. Siafu walikuwa wanapita, ukawa unainua mguu huu na huu, lakini hukugeuka.

"Sasa njo nini?" uliuliza mbele yako.

"Ule mwanamuke hanyimi muntu," nikasema. "Kama iko ananyima, njia haingekuwa ndefu tangu mwanzo."

Uling'oa siafu mmoja kwenye kifundo cha mguu. "Mama, uko na haki," ukasema. "Alimupatia ile ndizi, akabakia na maganda." Nikasema eee, tukaendelea. Uliniita Mama, kama wasichana wote wanavyoitwa kwetu, lakini siku hiyo uliliita jina hilo kwa namna ya kuniheshimu, nami nikatembea mpaka jioni kichwa kiko juu, nikajikwaa mara tatu.

Mwaka baada ya mwaka hadithi ilifikia palepale. Chini ya Muheto kuna kijito chembamba, mtu mzima anakiruka bila kulowa. Pale ulikuwa unanipa kikapu, unasema: "Mwanamuke akaona moshi ya jiko ya mama yake, karibu kabisa. Mara akasikia muntu anakohoa nyuma yake." Nami nasema eee, nawe unasema: "Ingine iko mbele." Halafu unarudi msituni bila kuvuka. Papa alikuwa akinisubiri ng'ambo na maziwa kwenye chupa, anakusalimu kwa mbali kwa kuinua mkono, nawe unainua wako. Sikuwahi kuuliza kwa nini huvuki. Mtoto huona jambo la ajabu mara nyingi mpaka linageuka kuwa la kawaida.

Kisha nikasoma, mjomba, na unajua wanavyosema: nyani haoni kundule. Sista alituambia tuandike kritiki ya hadithi yoyote ya nyumbani. Wenzangu waliandika juu ya sungura. Mimi nikaandika juu yako. Nilisema wahusika wanapendeza, nikasema mazingira yameelezwa vizuri, hasa msitu. Nilipofika kwenye muundo nikanoa kalamu. Niliandika, na ninayakumbuka maneno yote kwa sababu niliyapenda mno: "Kasoro kubwa ya mtambaji huyu ni kwamba hajui kumaliza. Hadithi isiyo na mwisho ni nyumba isiyo na paa." Lile paa nilijivunia wiki nzima.

Sista alifurahi, akaipeleka ichapwe. Karatasi ikatembea kanisa hadi kanisa mpaka Itebero, na Jumapili baada ya sala katekista Petro akaisoma kwa sauti, kwa nia njema, ili watu wajue kwamba binti wa dada yao ameelimika. Nawe ulikuwa umekaa benchi la mbele. Nasikia watoto walikuita Papa Hana-Mwisho kwa miezi miwili. Hakuna aliyenieleza hayo wakati ule, na wewe ndiye ungekuwa wa mwisho kunieleza.

Likizo iliyofuata ulinipokea kama kawaida. Tulikula ugali na sombe ya majani ya muhogo, ukanionyesha mitego mipya. Siku ya kurudi shule tuliondoka kama kawaida, ila siku mbili za kwanza hukusema chochote zaidi ya "angalia mizizi". Tulipouvuka mto Lowa ndipo ukaanza hadithi, tangu mwanzo, polepole. Siku ya tano tukafika kwenye kijito. Nikajitayarisha kusikia kikohozi. Lakini hukukata.

"Muntu akakohoa nyuma yake," ulisema, ukaendelea. "Mwanamuke akageuka, akakasirika. Akafukuza batu yote kwa njia. Akafukuza ule muzee, akafukuza ule imbwa, akafukuza ule binti ya mutungi. Njia ikajikunja, ikakuwa fupi. Akafika kwa mama yake, akakula, akalala. Kakakuona akakuja kukamata njia yake. Njo mwisho."

Mjomba, nilifurahi kiasi gani. Hatimaye paa. Nilitua kibuyu cha mawese, nikatoa kaye yangu, lile daftari la shule, nikaiweka juu ya jiwe, nikaanza kuandika kabla sijasahau. Na huku naandika, kichwa kimeinama, nikasema: "Eee."

Hapo ndipo ulipogeuka. Miaka yote hukuwahi kugeuka, na siku hiyo uligeuka ukanitazama. Nilikuona kwa pembe ya jicho, nikadhani unapenda kuona jina lako linavyoandikwa. Ukaniuliza: "Umeitika?" Nikasema: "Nimeitika, mujomba. Sasa iko muzuri kabisa." Ukanipa kikapu, ukasema: "Kwenda muzuri, mama." Hukusema ingine iko mbele. Nilivuka, nikamsalimu Papa, na nilipogeuka ulikuwa umeshaingia kwenye majani.

Likizo iliyofuata sikuja. Nilikuwa na mitihani ya ualimu, na ukweli wenyewe ni kwamba hapakuwa na kitu kinachonivuta. Hadithi ilikuwa imekwisha, iko ndani ya kaye, naweza kuisoma nikitaka. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na naona aibu. Likizo iliyofuata tena nikapata habari kwamba kifua kimekuua. Nilifika Itebero siku ishirini baada ya mazishi.

Mama Bahati, mke wako, alinipokea bila maneno mengi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, akanipa maji ya kunawa uso, kisha akaniambia alichokuwa amekiweka.

"Siku ile alirudi, aliweka mukuki kwa ukuta, akakaa. Nikamuuliza: umemusindikiza muzuri? Akasema: nimemupatia mwisho ya uongo, mwisho mubaya sana. Akasema tena: nilisema ndani ya roho, kama mutoto iko anasikia bado, atanyamaza. Kumbe mutoto akasema eee."

"Alikasirika ju ya ile karatasi?" nikauliza.

"Hapana. Alicheka ju yake. Alisema: karatasi njo nini? Miye nilitaka kujua kama ule mutoto iko nyuma yangu ao iko ndani ya kaye."

Nikamwuliza mwisho wa kweli ulikuwa upi. Mama Bahati akatikisa kichwa.

"Hakuwa nao. Wakati mama yako alikufa, ilikuwa ile miaka ya vita ya Wazungu, wanaume yote walitumwa kutafuta utomvu ya mupira ndani ya pori. Akaenda kwa ofisi ya Wazungu kuomba karatasi ya njia, aende kuzika dada yake. Wakamukatalia. Akaomba tena, wakamukatalia. Tangu pale akasema: muntu hakulia musiba, ataingia kwa ile kijiji na uso gani? Njo maana alikuwa anaishia kwa kijito. Ile mara ya mwisho alitoka hapa na kitambaa ya kuweka kwa kaburi. Alisema: akinyamaza, nitamwambia mwisho sina, na tutavuka wote wawili. Kitambaa alirudi nayo."

Kitambaa kile ninacho. Ni cheupe, kimekunjwa mara nne, kina harufu ya moshi wa jiko lenu.

Toka hapo nimejifunza mengi juu ya kuhakiki, mjomba, na yote nayajaribu kwenye hadithi yako kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango mmoja. Padri aliniazima kitabu kinachosema tazama kwanza maisha ya mtunzi. Nikatazama, nikamkuta mama yangu njiani, anakwenda kwao na hafiki. Nikashangaa nilivyoitikia miaka kumi bila kumtambua mama yangu mwenyewe. Kitabu kingine kinasema hapana, tazama zama alizoishi mtunzi. Nikatazama, nikamwona kakakuona amekaa nyuma ya meza ya ofisi, anamiliki njia za watu, anaazima anapotaka. Kuna wengine wanasema mtunzi mwache nyumbani kwake na zama zake, shika maneno tu. Basi nikashika maneno, nikagundua kwamba sentensi zako nazo zilikuwa zinarefuka kila mtu mmoja alipoingia njiani, ila zile za mwisho wa uongo zilikuwa fupifupi kama za mtu anayefunga mzigo. Ningekuwa nasikiliza siku ile, masikio peke yake yangeniambia.

Kila ufunguo unafungua kidogo, na ninafurahia kila mmoja, sitakuficha. Kuna usiku nimecheka peke yangu nilipomwona kakakuona na mihuri yake. Lakini hakuna kitabu hata kimoja kati ya vile nilivyoazimwa kilichoniuliza ulichoniuliza wewe: ulikuwa wapi wewe unayesikiliza? Nyie wa msituni mlimpa msikilizaji kazi. Mliweka hadithi nusu mdomoni mwa mtambaji, nusu kwenye koo la anayefuata. Mhakiki kwenu ni mtu anayetembea, ana mzigo, ana siafu miguuni, na hukumu yake ni kukubali kwenda mbele au kukataa. Mimi nilikuwa mhakiki nikiwa na miaka kumi, nikamtetea mzee na ndizi yake. Nilipopata tisa juu ya kumi nikaacha kuwa mhakiki. Mwanamke niliyesema hanyimi mtu aliwafukuza watu wote mbele ya macho yangu, nami nikaandika bila kukosea hata koma.

Jana nilirudi darasani. Nilifuta vichwa vinne. Sikuvitupa, vina kazi yake, lakini nilivifuta kwa siku moja. Nikawaeleza wasichana sheria ya njia, nikawatambia hadithi yako tangu mwanzo nikizunguka uwanja wa shule na wao nyuma yangu kwa mstari, majirani wanatucheka juu ya ua. Nilipofika kwenye mwisho uliomo ndani ya kaye, nikausema kama ulivyousema. Akafukuza watu wote kwa njia. Nikangoja.

Kimya, mjomba. Wasichana ishirini na mbili, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nilisimama pale na mgongo wangu kwao, sikugeuka, nikalia.

"Mwalimu," Furaha akasema nyuma yangu, kwa upole, "ule mwanamuke hawezi kufanya vile. Anza tena pale kwa kukohoa."

Basi nimekuja kuanza tena pale. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na ile eee niliyokwisha kuisema siwezi kuirudisha kooni. Lakini nilisikia kwa kalamu, na sheria yako ilikuwa inataka sauti ya mtu anayesikia. Kwa hiyo naandika uhakiki wangu wa pili, nao ni mfupi kuliko wa kwanza. Mwanamke yule hakumfukuza mtu. Ule mwisho siuitikii. Unajua maana yake: asipoitikiwa, mtambaji hasogei. Simama hapohapo ulipo, mjomba, wala usigeuke.

Jumamosi nitashuka na kitambaa chako mpaka ng'ambo ya kijito, upande ule ulikokuwa unaishia, kisha nitavuka, nitapanda mpaka kwenye kaburi la Mama nikiweke. Njiani nitakuwa nakufuata. Ukisikia mtu anakohoa nyuma yako, ni mimi.

Mpwa wako,
ninayefuata nyuma